Injini Zilizofanywa Upya: Habari za Mafundi wa Afrika Mashariki

Liko neno moja tulisikialo mara nyingi hapa kwetu Dirma, na katika vijiji vyote vya Hanang na Mbulu. Mtu akiona motakaa iliyosimama chini ya mti mwaka mzima, majani yameota kati ya magurudumu yake, husema, "Hii imekufa." Mara nyingine neno hilo ni kweli, mara nyingi si kweli. Chuma hakifi kama mtu afavyo. Chuma hulika, hupasuka, hushika kutu. Na mtu ajuaye sehemu gani imelika, na kipimo chake cha kwanza kilikuwa kipi, aweza kuirudisha katika hali yake, tena pengine ikapata nguvu kuliko siku ilipotoka kiwandani.

Leo twataka kueleza habari za injini kuukuu zilizofanywa upya katika nchi zetu za Afrika Mashariki, na za watu waliozifanya. Tutaeleza pia kazi yenyewe jinsi ifanywavyo, maana habari ya fundi pasipo kazi yake ni kama habari ya mkulima pasipo shamba.

Habari ya kwanza ni ya meli, nayo ni ya zamani kuliko zote. Mwaka 1913 Wajerumani walijenga meli katika mji wa Papenburg, wakaiita Graf von Goetzen. Wakaifungua vipande vipande, wakavitia katika masanduku yapatayo 5,000, wakavileta Dar es Salaam kwa bahari, kisha Kigoma kwa gari la moshi. Huko ikaungwa tena, ikashushwa katika Ziwa Tanganyika mwaka 1915, vita ikiwa imekwisha kuanza. Mwezi wa Julai 1916 Wajerumani walipoona kuwa Kigoma itawatoka, waliizamisha wenyewe ili isitwaliwe na adui. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi wake walifanya jambo la akili: walizipaka injini grisi nyingi, ili maji yasipate njia ya kukifikia chuma.

Miaka ikapita. Machi 1924 Waingereza wakaiinua. Injini zilipofunguliwa zilionekana zafaa kutengenezwa, na mwaka 1927 meli ile ikarudi kazini kwa jina jipya la Liemba, ndilo jina la kale la ziwa kwa watu wa upande wa kusini. Injini zake za mvuke zikaendelea kufanya kazi hata miaka ya 1970, ndipo zikatolewa na kutiwa za dizeli. Basi tazameni: grisi ya watu wachache, iliyopakwa kwa saa chache, iliwafaa wasafiri wa Kigoma, Kasanga na Mpulungu kwa miaka mingi. Aliyeipaka hakuipaka kwa ajili ya adui wala kwa ajili ya rafiki. Aliipaka kwa kuwa alikuwa fundi, na fundi hapendi kuona chuma chema kikiharibika bure.

Habari ya pili ni ya motakaa, nayo ndiyo kiini cha maneno yetu.

Yafaa kwanza kujua mafundi wa magari walitoka wapi. Reli ya kutoka Mombasa kwenda Kisumu ilipojengwa, tangu 1896 hata 1901, Waingereza walileta watu zaidi ya 30,000 kutoka Bara Hindi. Wengi wao walirudi kwao. Wengine walikaa, na baada yao wakaja wengine. Miongoni mwao walikuwamo Masingasinga wa Panjabi, wahunzi na maseremala kwa asili ya ukoo, na hao ndio waliofungua gereji katika miji mingi midogo motakaa zilipoanza kuingia. Katika gereji hizo vijana wa Kiafrika walishika kazi ya kuosha vyuma na kumpa fundi vifaa. Waliitwa spana boi. Siku za ukoloni mshahara ulipangwa kwa rangi ya mtu, wala si kwa kazi yake, na spana boi aliweza kukaa miaka mingi akifanya kazi ya fundi kwa malipo ya mtumishi. Hata hivyo macho hayakufungwa. Aliyesimama kando akitazama alijifunza. Tena katika Vita Kuu ya Pili vijana wengi wa Tanganyika, Kenya na Uganda waliingia katika kikosi cha uchukuzi cha jeshi, wakafundishwa kuendesha malori na kuyatengeneza. Vita ilipokwisha walirudi kwao na ujuzi mikononi.

Basi mwaka 1932, katika mji wa Kericho nchini Kenya, mahali pa mashamba ya chai, alizaliwa mtoto wa Singasinga mmoja mwenye gereji, akaitwa Joginder Singh. Baada ya masomo yake alianza kazi katika gereji ya baba yake. Baadaye aliajiriwa na chama cha wenye motakaa cha Afrika Mashariki, kazi yake kupita barabarani na kuwasaidia wasafiri walioharibikiwa. Fikirini kazi hiyo ilivyo shule! Kila siku gari jingine, kila siku ugonjwa mwingine, na dawa ni hiyo iliyomo katika sanduku la spana, hapana nyingine.

Wakati huo yalikuwa yamekwisha kuanza mashindano makubwa ya motakaa. Yalianza mwaka 1953, kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, nayo yakapita katika nchi zote tatu: Kenya, Uganda na Tanganyika. Tangu 1960 yakaitwa Safari ya Afrika Mashariki. Hayakuwa mashindano ya kuzunguka katika uwanja kama farasi. Magari yalikwenda usiku na mchana kwa siku kadha wa kadha, mwendo wa kilomita zipatazo 5,000, katika barabara zile zile tupitazo sisi: vumbi, mawe, matope, mito isiyo na daraja. Tena yalifanywa wakati wa Pasaka, yaani katika majira ya masika. Mwaka 1963 magari yaliyofika mwisho yalikuwa 7 tu, na mwaka 1968 yakawa 7 tena. Mengine yote yalibaki njiani, haya katika matope, haya na injini zilizopasuka, haya na gia zilizokatika meno.

Viwanda vikubwa vya Ulaya na Amerika vilileta magari mapya, madereva wenye sifa na mafundi wengi. Kiwanda cha Volvo cha Sweden kilileta magari yake aina ya PV544 katika mashindano ya 1964, hakikufanikiwa. Gari moja katika hayo likabaki Afrika Mashariki. Lilikuwa limekwisha kutumika kwa nguvu, na watu wengi wangesema limekwisha. Gari hilo ndilo walilolishika Joginder Singh na ndugu yake Jaswant kwa mashindano ya 1965. Wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima.

Hapa na tusimame kidogo, tutazame kazi ya kufanya upya injini iliyochoka, ili tujue ugumu wa jambo hili.

Injini ya gari lile ina silinda 4, na ujazo wake wote hauzidi lita 1.8. Ndani ya kila silinda imo pistoni ipandayo na kushuka. Petroli iliyochanganyika na hewa huingia juu ya pistoni, hubanwa, huwashwa na cheche ya plagi, hupasuka kwa moto na kuisukuma pistoni chini. Pistoni imefungwa kwa mkono wa chuma kwenye shafti kubwa yenye viwiko, nayo hugeuza mwendo wa kupanda na kushuka kuwa mwendo wa kuzunguka, kama mguu wa mshonaji ugeuzavyo gurudumu la cherehani. Shafti ile katika injini ya Volvo hii hushikwa na beringi 5, na hiyo ni sababu moja ya sifa yake ya kuvumilia. Injini nyingi za silinda 4 za siku zile zilikuwa na beringi 3 tu.

Kati ya pistoni na ukuta wa silinda pana nafasi ndogo sana, hailingani hata na unene wa unywele mmoja. Ringi zilizozunguka pistoni huziba nafasi hiyo ili moto usishuke chini wala oili isipande juu. Vumbi likipita katika kichujio kibovu, likaingia humo, hufanya kazi ya msasa. Ukuta hulika, silinda huacha kuwa duara kamili, ringi hulegea. Ndipo gari huanza kula oili na kutoa moshi wa buluu, na nguvu yake hupungua mlimani. Mwenye gari huongeza oili, akaendelea. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Oili ikipungua siku moja pasipo yeye kujua, beringi hukauka, hushika, na shafti hukwaruzwa.

Fundi mwema hushusha injini yote. Huifumua kipande kwa kipande, na kila kipande hukitia alama, maana vifuniko vya beringi havibadilishani mahali. Cha kwanza ni cha kwanza na cha tatu ni cha tatu. Kisha huosha kila kitu kwa mafuta, kwa kuwa uchafu huficha ufa. Ndipo hupima. Hupima silinda juu, kati na chini, kwa urefu na kwa upana, maana silinda hulika zaidi upande wa juu penye moto mwingi. Kama imelika kupita kiasi, hupelekwa kwenye mashine ikakerezwa hata iwe duara tena, na kwa kuwa tundu limeongezeka, hutiwa pistoni zilizo kubwa kuliko za kwanza kwa kadiri ile ile. Shafti nayo hukwanguliwa hata ilainike, na kwa kuwa imepungua, hutiwa beringi nene zaidi. Hii ndiyo siri ya ufundi huu: hatuwezi kurudisha chuma kilichokwisha kulika, lakini twaweza kusawazisha kilichobaki na kukitafutia mwenzi wa kukifaa.

Valvu husuguliwa juu ya viti vyake kwa dawa yenye mchanga mwembamba, hata ukitia mafuta yasivuje. Kifuniko cha silinda hurudishwa na gasketi mpya, na boliti zake hukazwa kidogo kidogo, kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa kipimo kimoja. Mtu akizikaza kwa nguvu tu, hii sana na hii kidogo, kifuniko hupinda, maji yakaingia penye oili, na kazi ya wiki tatu ikaharibika kwa saa moja. Hata injini ikiisha kuungwa, haipigwi mbio siku ile. Huendeshwa kwa upole kwa mamia ya kilomita, mpaka ringi mpya na ukuta mpya vizoeane. Kisha oili humwagwa, maana ina vumbi la chuma, ikatiwa nyingine.

Haya yote yaweza kufanywa nyumbani, chini ya mti au katika kibanda, isipokuwa kukereza, ambako lazima kupelekwe mjini penye mashine. Lakini pazingatiwe mambo matatu: pawe safi, pawe na vipimo vya kweli, na asiwepo mtu wa kuharakisha.

Sasa na tutazame gia, maana injini yenye nguvu pasipo gia zifaazo ni kama ng'ombe mwenye nguvu aliyefungwa nira isiyomtosha.

Sisi wa milimani twajua jambo hili kwa masikio yetu. Lori likitoka bondeni kwa Ziwa Manyara kupanda ukuta wa Magara kwenda Mbulu, twasikia sauti yake ikibadilika: dereva ametia gia ya pili, kisha ya kwanza. Mwendo hupungua, nguvu huongezeka. Hakuna gia itoayo vyote viwili, nguvu na mbio, kwa wakati mmoja. Kila gia ni mapatano.

Hesabu yake si ngumu. Nyuma ya gari, kati ya magurudumu, imo difu. Ndani yake gia ndogo huzungusha gia kubwa. Tuseme ndogo ina meno 10 na kubwa ina meno 40. Basi ndogo huzunguka mara 4 ili gurudumu lizunguke mara 1. Kama gurudumu likizunguka mara moja laenda mita 2, na injini yazunguka mara 4,000 kwa dakika katika gia ya juu isiyopunguza kitu, gurudumu litazunguka mara 1,000, gari litakwenda mita 2,000 kwa dakika, yaani kilomita 120 kwa saa. Sasa toa gia zile, utie nyingine: ndogo ya meno 9 na kubwa ya meno 45. Sasa ni mara 5 kwa 1. Kwa mzunguko ule ule wa injini gari litakwenda kilomita 96 tu kwa saa. Umepoteza mbio. Lakini nguvu ya kusukuma gurudumu imeongezeka kwa robo nzima, na gari lililokuwa likishindwa mlimani sasa litapanda.

Tena kuna jambo la hewa. Kadiri tupandavyo juu, hewa huwa nyepesi, na injini isiyo na kifaa cha kusukuma hewa hupoteza sehemu moja ya kumi ya nguvu zake, au karibu na hapo, kwa kila mita 1,000. Gari lenye nguvu Tanga si lenye nguvu ile ile Mbulu. Kwa hiyo kubadili gia kwa mtu wa nyanda za juu si anasa. Ni kuifanya motakaa iliyobuniwa kwa nchi nyingine ifae nchi yake.

Na kazi hii ina sheria zake. Gia ndogo na kubwa za difu husuguliwa pamoja kiwandani; hazitenganishwi. Ukibadili moja, badili mbili. Fundi hupaka meno rangi kidogo, huzungusha kwa mkono, kisha hutazama alama mahali meno yagusanapo. Alama ikiwa katikati ya jino, vema. Ikiwa kwenye ncha au kwenye shina, hutia au hutoa vipande vyembamba vya chuma mpaka ikae mahali pake. Asiyefanya hivi atasikia gari likilia kama mbwa, na baada ya muda meno yatakatika. Katika giaboksi nazo hutazamwa beringi, na ringi za shaba zilinganishazo mwendo wa gia kabla hazijashikana. Zikilika, gia hupiga kelele au huruka zenyewe mteremkoni, na huo ni mwanzo wa msiba. Hata saa ya mwendo hubidi kurekebishwa, maana katika magari mengi ya zamani huzungushwa na giaboksi, nayo haijui kwamba difu imebadilika. Katika mfano wetu itaonyesha kilomita 120 hali gari laenda 96.

Baada ya kuyajua hayo, twaweza kufahamu maana ya yaliyotokea katika Pasaka ya 1965. Ndugu wale wawili, watoto wa gereji, waliingia na gari kuukuu kushindana na magari mapya ya viwanda. Wakashinda.  Watu wakampa Joginder jina la Singasinga Arukaye, na wengine wakamwita Simba wa Kenya.

Je, alishinda kwa kukimbia tu? Hapana. Mtu aliyepita miaka mingi akisikiliza magari ya watu barabarani hulisikia lake mapema. Joginder aliingia katika Safari mara 22, akafika mwisho mara 19, katika mashindano ambayo wengi hawakufika hata mara moja. Hesabu hiyo yasema zaidi ya kombe. Akashinda tena mwaka 1974, na mara ya tatu mwaka 1976, zote mbili pamoja na David Doig, katika motakaa ndogo ya Mitsubishi. Katika mashindano ya 1974 nyuma yake alikuwapo Björn Waldegård wa Sweden, dereva hodari, katika Porsche 911, motakaa ya mbio yenye nguvu kubwa kuliko yake.

Na nchi yetu haikukosa sehemu. Miaka ya 1966 na 1967 Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, pamoja na Chris Rothwell, walishinda mara mbili mfululizo katika Peugeot 404, motakaa ambayo wengi wetu tuliijua kama gari la abiria na mizigo. Motakaa za mbio nazo zilipata siku zao: Datsun 240Z, yenye silinda 6 na milango miwili, ilishinda mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, na mwaka 1973 ikiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Lakini Porsche, pamoja na sifa zake zote ulimwenguni, haikushinda Safari katika miaka ile. Ilikuwa ya pili mwaka 1974, ikawa ya pili tena mwaka 1978. Barabara zetu hazikuuliza gari lina nguvu kiasi gani. Ziliuliza kama litadumu.

Katika miaka ya 1970 mashindano yale yaliacha kupita Tanzania na Uganda, yakabaki Kenya. Yalitolewa katika mashindano ya ubingwa wa dunia baada ya 2002, yakarudi mwaka 2021 pande za Naivasha. Tangu 2003 pamekuwapo pia Safari ya magari ya kale, nayo huwaleta watu na motakaa zile zile za zamani, Porsche, Datsun na Ford Escort, zilizofumuliwa na kufanywa upya kila kipande. Waldegård aliishinda mwaka 2007 na tena mwaka 2011. Jioni gari lifikapo kambini, dereva hulala. Fundi huingia chini ya gari na taa yake. Asubuhi jina la dereva huandikwa gazetini. Joginder Singh alifariki London mwezi wa Oktoba 2013, akiwa na umri wa miaka 81. Yeye alikuwa dereva na fundi katika mwili mmoja, ndiyo maana jina lake lilibaki. Lakini spana boi waliokaza boliti za magari yale katika gereji za Nairobi, Kampala, Arusha na Dar es Salaam, majina yao hayakuandikwa mahali popote, ijapokuwa boliti moja iliyolegea ingaliwaangusha mabingwa wote.

Basi habari hizi zatufaa nini sisi wa Dirma?

Kwanza, zatufundisha kutodharau kazi ya mikono. Wako wazazi waonao haya kusema, "Mwanangu ni fundi wa magari," kana kwamba nguo yenye oili ni alama ya kushindwa masomo. Lakini tumeona kwamba fundi hupima, huhesabu, huandika alama, husoma dalili kama mganga. Asiyejua kugawanya 45 kwa 9 hataweza kuchagua gia. Shule na gereji si maadui.

Pili, zatufundisha ukweli. Injini haidanganyiki. Mtu aweza kumdanganya mwenye gari kwamba ametia ringi mpya, akazisafisha za zamani na kuzirudisha. Lakini mlima hautadanganyika. Na katika nchi ya mteremko kama yetu, gia au breki iliyotengenezwa kwa uongo haipotezi fedha tu. Ndani ya gari lile wamo watu: mama aendaye kujifungua Katesh au Haydom, watoto warudio shule. Fundi mwongo ameshika roho zao pasipo wao kujua.

Tatu, zatufundisha kutosema upesi kwamba kitu kimekufa. Meli iliyolala majini iliamka. Gari lililoshindwa mwaka 1964 lilishinda mwaka 1965, na katika miezi ile nchi haikubadilika, milima haikupungua wala matope hayakukauka. Kilichobadilika ni mikono iliyolishika.

Kwa hiyo mzee mwenye motakaa chini ya mti, asiiuze kwa kilo kama chuma chakavu kabla ya kuita fundi mwaminifu aifungue na kuipima. Na kijana asimamaye kando akitazama, asifukuzwe. Apewe spana ashike, afundishwe majina ya vipande, aambiwe sababu ya kila jambo, na siku ya malipo apewe haki yake.